Fundi wa Bastola Aliyeomba Asifichwe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliokuja na fulana zenu za klabu, asanteni kwa kufika kumsindikiza Baba yetu. Wengi wenu mlimwita Fundi Ngoja. Wapo waliodhani ni jina la ukoo, na mwanachama mmoja aliwahi kumwandikia barua iliyoanza "Kwa Bwana Ngoja". Baba aliijibu, na chini akatia sahihi hivyo hivyo.

Sisi wanawe tumeandika maisha yake kwa kufuata maelekezo yake mwenyewe. Ndani yake kuna jambo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia. Aliomba lisomwe hapa, siku hii, mbele ya watu wa upande wake na watu wa upande wa Mama, na ametuachia kazi ya kulisema bila kulipamba.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mtia mafuta mitambo na mama yake alifua nguo za mafundi. Nyumba ile ilitikisika kila treni ilipopita, na Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia treni ilipopita, alilia ilipochelewa.

Alipokuwa na miaka tisa alifungua saa ya ukutani ya nyumbani kwao kwa kibanio cha nywele cha dada yake. Aliirudisha yote, ila kikabaki kigurudumu kimoja kidogo mkononi, akakificha ndani ya soksi. Saa ilitembea, lakini kila siku ilijisogeza mbele. Kwa karibu mwaka mzima watu wa nyumba ile waliwahi kila mahali, na babu yetu alipongezwa kazini kwa kuwa na nidhamu. Siku kigurudumu kilipoonekana wakati wa kufua, Bibi alimuuliza, "Hiki ni nini?" Akajibu, "Ni kile ambacho hakikuwa na kazi." Alichapwa kidogo, na mjomba wake, ambaye alikuwa fundi saa, alichekeshwa sana na kazi ile mpaka akasema, "Huyu mnipe mimi."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na ghala la saruji kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha shule ya ufundi, ambako alipata cheti cha ufundi wa vyuma Desemba 1966. Ripoti yake ya mwisho tunayo bado. Mwalimu wa karakana aliandika mstari mmoja tu: "Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, na anapenda mno kuambiwa hivyo." Baba aliitunza karatasi ile maisha yake yote. Alituonyesha sisi wanawe mara nyingi, na kila mara alifunika nusu ya pili ya sentensi kwa kidole gumba. Tulipokua ndipo tulipojua kuna nusu ya pili.

Alifanya kazi kwa mjomba wake miaka minne, kwenye meza moja iliyokaa kibarazani mbele ya duka la dawa, akitengeneza saa za mkono. Jumatatu, tarehe 3 Mei 1971, aliajiriwa na klabu ya shabaha ya mji huu kuwa mtunza ghala la silaha na fundi. Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha zege chenye dirisha moja la nondo, meza ndefu, na harufu ya mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta yanayostahili yalichelewa kufika na Baba aligundua haya mengine yanafaa. Humo alikaa miaka arobaini na mmoja.

Silaha alizozijua kuliko zote ni bastola ndogo za mashindano, zile zinazotumia risasi nyembamba kuliko kalamu. Hapa tunaomba wasiojua mambo haya wavumilie kidogo, maana bila kuyaeleza yatakayofuata hayataeleweka. Risasi hizi ndogo huwashwa kwa kugongwa ukingoni. Baruti ya kuwashia imewekwa ndani ya ule ukingo mwembamba wa ganda, na pini ya bastola hupiga pale. Sasa mchezaji anayetaka kuzoeza kidole chake bila kufyatua risasi halisi akivuta kifyatulio huku chumba cha risasi kikiwa kitupu, pini ile haina pa kutua. Inapiga chuma kwa chuma. Ikirudiwa hivyo, pini hukatika, au mdomo wa chumba huingia kovu, na kuanzia hapo risasi huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Dawa yake ni risasi bandia, kitu chenye umbo la risasi lakini kisicho na baruti, kinachokaa chumbani ili pini itue mahali palipo laini.

Miaka ile risasi bandia za kununua hazikupatikana hapa. Baba akatengeneza za kwake. Alichukua maganda yaliyokwisha kutumika, akayasafisha, akayajaza nta, akayatilia vichwa vya risasi alivyoviyeyusha na kuvimimina mwenyewe, kisha akayasugua kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Palikuwa na tofauti moja tu kati ya zile na risasi halisi: kishimo kidogo ukingoni, mahali ganda lilipogongwa mara ya kwanza. Ili ukione ilibidi uigeuze risasi na kuisogeza karibu na jicho.

Katibu wa klabu wa wakati ule, ambaye naye ametangulia, aliweka moja halisi na moja bandia kwenye kiganja akasema, "Fundi, hizi hata mama yao hazijui." Baba alilisimulia neno hilo nyumbani kwa wiki nzima.

Mama alikutana na Baba mwaka 1974. Mama alikuwa mshonaji mwenye chumba kimoja karibu na posta, na Baba alipeleka suruali ipunguzwe. Akaifuata, akairudisha, akasema bado ndefu kidogo. Wiki iliyofuata akairudisha tena. Mara ya nne Mama alimwambia, "Kaka, kama unataka kunitazama, tazama bure. Hii nguo ukiileta tena itakuwa kaptura."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1975. Haikuwa rahisi. Bibi mzaa Mama hakumtaka, na hakuficha. Alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Binti yangu hawezi kulala nyumba moja na mtu anayelala na bastola." Baba akaeleza kwamba ile ni michezo, kwamba bastola hulala klabuni, kwamba yeye ni fundi tu. Kaka wawili wa Mama, wajomba zetu walioketi hapa mbele, wakamtetea. Mjomba mkubwa ndiye aliyesema, "Mama, mimi namdhamini." Bibi akamjibu, "Sawa. Siku mwanangu akipata hata mkwaruzo kwa kazi ya huyu, nakuja kumchukua, na wewe uliyemdhamini ndiye utakayebeba sanduku lake." Bibi hakuwa mtu wa kutishia bure. Kila aliyemjua anajua hivyo.

Mungu aliwajalia watoto watatu.

Jumapili, tarehe 14 Agosti 1983, Baba alikuwa nyumbani na bastola moja ya klabu. Alikuwa na kibali cha kuichukua kwa sababu kesho yake asubuhi angeipima uwanjani baada ya kuitengeneza kifyatulio. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa na chumba cha nyuma kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Upande mmoja meza ya Baba, upande wa pili cherehani ya Mama. Mezani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye risasi bandia kumi na mbili. Kando ya kopo kulikuwa na boksi la risasi halisi za kesho. Meza moja, umbali wa kiganja.

Saa tisa alasiri jirani alibisha hodi kuulizia spana. Baba alitoka, wakazungumza mlangoni robo saa. Aliporudi aliketi, akatia mkono kwenye kopo, akachukua risasi tano, akazijaza kwenye magazini, kile kikasha cha risasi cha bastola. Hakuzihesabu zilizomo koponi. Hakuzigeuza kutazama vishimo. Zilikuwa zake, alizitengeneza kwa mkono wake. Akalenga kichwa cha msumari uliokuwa kwenye ule ubao. Akavuta, ikalia tik. Akakoki, akavuta, tik. Ya tatu, tik. Ya nne ikalia kweli.

Risasi ilipita kwenye ubao ikampata Mama kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ukiwa juu ya kanyagio la cherehani.

Baba alimbeba mgongoni hadi barabara kuu. Daktari aliitoa risasi jioni ile ile. Kesho yake saa mbili asubuhi Baba alikwenda kituo cha polisi mwenyewe, akaikabidhi bastola, kopo na boksi, akaeleza kama ilivyokuwa. Kutoka pale akaenda klabuni akarudia maneno yale yale. Klabu ilimsimamisha. Alirudi kwenye meza ya mjomba wake ya kutengeneza saa kwa miezi kumi na mmoja, mpaka Jumatatu, tarehe 16 Julai 1984, alipoitwa tena.

Kwa hiyo polisi walijua na klabu ilijua. Watu wa upande wa Mama, waliokuwa wakiishi mwendo wa siku nzima kwa basi, ndio ambao hawakujua. Mama alimkataza Baba kuwaambia. Alikuwa bado kitandani hospitali, mguu umefungwa, akamshika mkono akamwambia, "Nimeteleza kwenye ngazi za nyuma. Umenisikia?" Baba akasema, "Mke wangu, mimi siwezi." Mama akasema, "Huhitaji kuweza. Nyamaza tu. Kusema nitasema mimi. Wewe unataka Mama aje anichukue na hawa watoto?"

Basi ikawa ngazi. Bibi alikuja, akatazama mguu, akatazama ngazi, akaamini. Mjomba mkubwa naye alikuja wiki iliyofuata akiwa na mabomba mawili ya chuma, mfuko wa saruji na hasira, akajenga kishikio cha mkono pembeni ya ngazi zile tatu fupi. Tangu hapo kila alipotutembelea alianza kwa kukitikisa kishikio, na alipoondoka alizionya ngazi kwa kidole kama mtu anayemwonya mbwa. Sisi watoto tulicheka. Baba hakuwahi kucheka. Wakati wa ziara hizo alipata kazi ya kufanya uani.

Mama hakupona kabisa. Mnajua mwendo wake. Alijifunza upya kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na wateja wake wa kwanza baada ya hapo watakumbuka nguo zilizoshonwa kwa mistari iliyokwenda ilikotaka.

Aliporudi klabuni, Baba alikuwa fundi wa namna nyingine. Siku ya kwanza alikusanya risasi bandia zote alizowahi kutengeneza, zaidi ya mia mbili, akazigonga bapa moja moja kwa nyundo. Hakutengeneza tena zinazofanana na halisi. Alitumia vile vijiti vya plastiki vya njano vinavyotiwa ukutani kushika skrubu, vile vya ukubwa unaoingia sawasawa kwenye chumba cha bastola ndogo. Vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ni vibaya kwa sura. Mwanafunzi mmoja alimlalamikia, "Fundi, hizi zinatia aibu, kama napigilia bati." Baba akamwambia, "Ndiyo raha yake. Hata ukilewa huwezi kuidhania risasi."

Jina la Ngoja lilianza hapo. Wanafunzi wake hawahitaji kukumbushwa, lakini tunayaandika maswali yake kwa ajili ya wengine, kwa kuwa aliyaona kuwa ndiyo kazi yake halisi. Kabla hujagusa bastola kwa mazoezi ya nyumbani, ngoja: risasi halisi ziko wapi? Kama jibu ni "hapo", basi hakuna mazoezi. Ziende chumba kingine, zifungiwe, na ufunguo usiwe mfukoni mwako. Ngoja: umefungua chumba cha bastola ukatazama kwa jicho na kupapasa kwa kidole? Ngoja: unalenga wapi, na nyuma ya hapo kuna nani? Kwake ukuta haukuwa jibu. Alitaka sanduku la mchanga, au kitu kingine ambacho kingeizuia risasi halisi, hata kama mkononi una plastiki. Ngoja: bandia zako ni ngapi? Zihesabu ukianza, zihesabu ukimaliza, na ukikatizwa na mtu, hata kama ni dakika moja, anza upya kama ambaye hujawahi kuanza.

Miaka ya baadaye risasi bandia za kiwandani zilipoanza kufika, alizipokea kwa tahadhari. Alifundisha kwamba za bastola hizi ndogo hazidumu kama za bastola kubwa, kwa sababu pini hugonga ukingo pale pale na kuutafuna. Igeuze kidogo kila baada ya pigo. Ukiona ukingo umeliwa pande zote, itupe, usiionee huruma. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya kujifunza kujaza na kutoa tu, wala si za kugongwa, na maandishi ya pakiti husema hivyo ukiyasoma. Ikipasuka, kipande chake hubaki ndani ya chumba, kisha unakwenda uwanjani na risasi halisi inakataa kuingia, nawe unaisukuma. Alikuwa akiishia hapo na kuwaacha wamalizie wenyewe.

Na kila kundi jipya alilisimulia kisa kimoja. "Kuna fundi mmoja namjua," alianza. Fundi huyo alikuwa hodari, alitengeneza bandia nzuri kuliko za kiwandani, akazichanganya mezani na za kweli, akampiga mke wake. Wanafunzi walimuuliza, "Ikawaje?" Alijibu, "Mke alibaki. Sijui kwa nini." Zaidi ya watu mia sita wamepita mikononi mwake. Katika miaka ishirini na nane aliyofundisha baada ya siku ile, hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyeumia wala kuumiza mtu. Wengi mmekaa hapa. Sasa mnamjua fundi yule.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Tangu hapo alikwenda klabuni kila Jumamosi bila kuitwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wafyatuaji, na kusema neno lake moja.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Alilificha jambo hilo kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akisema chai imekuwa ya moto sana siku hizi. Daktari alipoupa ugonjwa jina, Baba alirudi nyumbani akachukua bastola yake ya pekee, aliyopewa na klabu alipostaafu, akampelekea fundi aliyemrithi pamoja na leseni. "Mkono usionisikiliza," alimwambia, "usishike kitu kisichosamehe." Hakuigusa silaha tena. Kutengeneza saa kulimshinda mwaka uliofuata, na hilo lilimuuma zaidi.

Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa kwa homa ya mapafu. Alipata nafuu, akarudi nyumbani, ikamrudia Septemba. Katika siku zile za kulazwa mara ya pili ndipo alipotuita sisi watoto watatu akatusimulia yote haya. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuyasikia. Akasema, "Nikifa, msisome ngazi. Someni mimi."

Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Alikataa pale pale.

"Kwa ajili ya nani?" alimuuliza. "Mama yangu alishakufa. Kaka zangu wazee. Unataka kuondoka umejitua mzigo, uniachie mimi nikae na macho yao?"

"Wananiheshimu kwa kitu nisichokuwa," Baba akasema. "Shemeji yangu alinidhamini. Amegombana na ngazi miaka arobaini na mmoja."

"Aendelee. Ngazi haiumii."

"Mimi naumia."

Mama akasimama akaenda dirishani. Kwa siku tatu hawakulitaja tena, na sisi tulianza kudhani tutazika kwa maneno mafupi. Siku ya nne, mchana, wakati muuguzi amemaliza kumgeuza, Mama alivuta kiti karibu, akasema bila kututazama:

"Ile risasi niliitia mimi."

Baba hakuelewa. Mama akaeleza. Siku ile, Baba alipotoka kuzungumza na jirani, yeye aliingia kufuta meza. Chini, karibu na mguu wa meza, aliona risasi moja imedondoka. Akaiokota. Akatazama boksi, akatazama kopo, zote zilikuwa sawa machoni pake. Akaitia koponi, kwa sababu kopo lilikuwa wazi na boksi limefunikwa. Akarudi kwenye cherehani. Alilijua hilo tangu sekunde mlio ulipotokea, kabla hata hajausikia mguu.

"Nilikuambia nyamaza nikijidai nakulinda wewe," alisema. "Kumbe nilijilinda na mimi. Kila uliposema kosa langu, kosa langu, nikasema moyoni, mwache alibebe, ana mabega. Nimekuibia nusu ya kosa lako, mume wangu, au wewe umebeba nusu yangu. Sijui hata niseme vipi."

Mkono wa Baba ulikuwa ukitetemeka juu ya shuka, na Mama akauweka wake juu yake ili utulie. Kisha Baba akasema, polepole, kwa kuwa pumzi ilikuwa haba:

"Zilikuwa zinafanana?"

"Zilifanana kabisa."

"Nani alizifananisha?"

Mama alinyoosha shuka.

"Na nani hakutazama?" Akapumzika. "Wewe uliokota kitu sakafuni ukakirudisha mezani. Hiyo inaitwa kufanya usafi. Usininyang'anye kosa langu, mama watoto. Nimelifanyia kazi sana."

Mama alicheka, akalia, akacheka tena. Wakaanza kubishana, kila mmoja akilivutia kosa upande wake, mpaka muuguzi akachungulia akidhani kuna ugomvi. Walipochoka, Mama alituambia, "Wanasema kosa moja haliachi mke. Basi haliachi mume pia. Andikeni. Lakini muandike na langu."

Tumeliandika.

Baba alifariki dunia Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita. Mama alikuwepo, na sisi watoto wote watatu.

Karatasi hii haikupelekwa kuchapwa kabla wajomba zetu hawajaambiwa. Mama alikataa tumsaidie. Juzi Jumapili aliwaita kaka zake sebuleni, akawaketisha, akasimama mbele yao kwa mguu ule, akawasimulia yote tangu kopo hadi hospitali. Mjomba mdogo alifunika uso. Mjomba mkubwa alinyanyuka akatoka nje. Tulimsikia anakwenda uani, na tukangoja, kwa sababu sote tulijua alikuwa amemdhamini nani na kwa maneno gani. Alikaa huko karibu saa nzima. Hatukumfuata.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama dada yake akasema, "Angeniambia, ningempiga. Kisha ningekaa naye." Akauliza nani wamepangwa kubeba jeneza. Kaka yetu akamtajia vijana sita. Mjomba ana miaka themanini na moja na daktari amemkataza kubeba hata ndoo. Akasema, "Mmoja atoke. Mbele, upande wa kulia, niko mimi."

Mtamwona leo. Tafadhali asiwepo wa kumwambia apumzike.

Marehemu ameacha mke, binti wawili na mtoto mmoja wa kiume, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja wa miezi minne. Ameacha dada yake mdogo, wa mwisho aliyebaki kati ya wale watano wa nyuma ya karakana. Ameacha shemeji wawili ambao sasa wote wanamjua kama alivyokuwa. Ameacha fundi aliyemrithi, na wanafunzi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, klabu yake, na majirani waliotupikia na kutulinda kwa siku hizi nne.

Baba, umesomwa wewe. Mungu akupokee na akupe pumziko, nasi tunakuaga tukiwa hatuna cha kukudai.